Kumlea Mtoto wa Asili ya Korea Nchini Marekani: Mwongozo Kamili kwa Wazazi

Mkorea akiitaja nyumba anamoishi husema uri jip, yaani nyumba yetu, hata kama anaishi humo peke yake. Na mama aliyemzaa humwita uri eomma, mama yetu, ingawa hana ndugu wa kuchangia naye mama huyo. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu katika hili, kwa kuwa naye akiulizwa alikozaliwa husema "kwetu" hata kama ni mtu mmoja. Mtoto aliyezaliwa Los Angeles au Atlanta na kukuzwa kwa Kiingereza huzoea "yangu" mapema, na kazi ya mzazi ni kumpatia watu halisi wa kusema nao "yetu".

Mwongozo huu ni wa wazazi wanaolea watoto wenye asili ya Korea nchini Marekani, hasa wale ambao, kama mimi, hawakuzaliwa Wakorea bali wameingia katika ukoo huo kwa ndoa. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa kwa miaka 14 katika familia ya Wakorea wa California na nina watoto wawili. Niliyoyaandika hapa nimeyapata katika malezi yao, jikoni kwa mama mkwe wangu na katika foleni za ofisi. Mpangilio wa hatua unaweza kubadilishwa kulingana na umri wa mtoto, isipokuwa ile ya nyaraka, ambayo ina tarehe yake na haimngojei mtu. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba mtoto hushika lugha na mila pale tu anapokuwa na mtu anayempenda ambaye hawezi kumfikia kwa njia nyingine.

Hatua ya kwanza: Fahamu familia iliingia Marekani kwa mlango upi

Wamarekani wenye asili ya Korea wanakaribia milioni 2 ukiwahesabu pamoja na wenye asili mchanganyiko, lakini hawana historia moja. Wa mwanzo walishuka Honolulu tarehe 13 Januari 1903 kutoka katika meli iitwayo Gaelic. Walikuwa watu 102, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Hawaii, na kufikia mwaka 1905, safari hizo ziliposimamishwa, walikuwa wamefika wapatao 7,000. Wakafuata mabibi harusi waliochumbiwa kwa kubadilishana picha, hadi sheria ya uhamiaji ya 1924 ilipowazuia karibu Waasia wote. Vita vya Korea vya 1950 hadi 1953 vilileta wake wa wanajeshi wa Marekani pamoja na watoto walioasiliwa, na hatimaye sheria ya 1965, iliyofuta mgao uliopendelea wahamiaji wa Ulaya, ikafungua mlango uliopitiwa na familia nyingi tunazozijua leo, za wauguzi, wahandisi, wachungaji na watu walioanza na duka dogo la vyakula au la kufulia nguo.

Mlango walioupitia wazee huamua mambo mengi utakayokutana nayo nyumbani. Aliyeondoka Seoul mwaka 1975 amebeba Kikorea cha 1975 na adabu za 1975, na huenda akawa mkali juu ya mila ambazo jamaa zake waliobaki huko wameshazilegeza. Ambaye wazazi wake walitoka upande wa kaskazini kabla ya nchi kugawanyika anaweza kuwa na ndugu ambao hakuwaona tena, na huzuni hiyo hukaa mezani kila sikukuu hata isipotajwa. Chukua karatasi moja, andika juu yake kila babu na kila bibi wa mtoto, mji aliozaliwa, mwaka aliohama, sababu ya kuhama na kazi ya kwanza aliyoifanya Marekani. Nafasi utakazoshindwa kuzijaza ndizo maswali ya kuulizwa mapema, wakati wenye majibu bado wapo.

Ikiwa mzazi mwenyewe aliasiliwa kutoka Korea na kukuzwa na familia ya Kimarekani, hana bibi wa Kikorea nyumbani wa kumkabidhi mtoto. Ushauri wangu kwake ni kwamba aanze kujifunza pamoja na mtoto, darasa moja, wiki moja, bila kuona haya. Vilevile akague hati zake za uraia kabla ya kupanga safari yoyote nje ya nchi. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001 iliwapa uraia moja kwa moja watoto walioasiliwa ambao siku hiyo walikuwa chini ya miaka 18, na waliokwisha kuvuka umri huo hawakuingizwa. Wapo watu wazima waliokulia Marekani tangu utotoni ambao waligundua wakiwa na familia zao kwamba wazazi walezi hawakuwaombea uraia.

Hatua ya pili: Tengeneza jina na nyaraka kabla mtoto hajakua

Jina la Kikorea huanza na la ukoo, kama Kim, Lee au Park, kisha hufuata jina la mtu, ambalo mara nyingi lina silabi mbili. Katika koo zinazofuata desturi ya zamani, silabi moja kati ya hizo huwa ni ya kizazi, kiasi kwamba ndugu na binamu wa rika moja huichangia, na ukilisikia jina unajua mtu yuko ngazi gani ya ukoo. Waulize wazee kama silabi hiyo ipo kwa kizazi cha mtoto wako kabla hujachagua jina. Wengi hufurahi kuulizwa, na wengine watakuletea orodha iliyokwisha kufikiriwa kwa miezi.

Familia nyingi humpa mtoto jina la kwanza la Kiingereza na kuliweka la Kikorea katikati. Ukifanya hivyo, au ukiliweka la Kikorea mbele, liandike kama neno moja au uunganishe silabi zake kwa kistari. Ukiacha nafasi kati ya silabi mbili, fomu za Marekani huichukua ya pili kama jina la kati na kuitupa. Binti yetu aliandikishwa katika shule moja akiwa na nusu ya jina lake, na kwa mwaka mzima walimu walimwita kwa silabi ambayo peke yake haikuwa na maana tuliyokusudia. Kulirekebisha kulitugharimu barua nyingi, na yeye kulimgharimu zaidi, kwa sababu alianza kuamini kwamba jina lake la Kikorea ni gumu kuliko la wenzake.

Sasa nije kwenye tarehe. Tangu tarehe 14 Juni 1998 uraia wa Korea Kusini hupitia kwa baba au kwa mama. Mtoto aliyezaliwa Marekani siku ambayo mmoja wa wazazi wake alikuwa bado raia wa Korea, kwa mfano mzazi mwenye kibali cha kudumu ambaye hajaapa kuwa Mmarekani, ni raia wa Korea tangu kuzaliwa hata kama hakuna aliyewahi kumwandikisha huko. Kwa mtoto wa kiume maana yake ni utumishi wa jeshi. Akitaka kuukana uraia huo bila kufungwa na wajibu wa kijeshi, familia iliyohamia Marekani kwa kudumu inatakiwa kukamilisha maombi kabla ya tarehe 31 Machi kupita, katika mwaka anaotimiza miaka 18. Tarehe hiyo ikipita, kijana anaweza kukwama na uraia wa nchi mbili kwa miaka mingi. Hilo humletea shida akitaka kusoma au kufanya kazi Korea kwa muda mrefu, na hata akiomba baadhi ya kazi za serikali ya Marekani. Marekebisho yaliyoanza Oktoba 2022 yanaruhusu maombi ya kipekee kwa waliochelewa kwa sababu nzito, lakini usiyategemee.

Anza kijana akiwa na miaka 16. Kabla ya kuukana uraia ni lazima kuzaliwa kwake kuandikwe katika daftari la familia la Korea, na kabla ya hapo ndoa ya wazazi iwe imeandikwa, na kila hatua hutaka vyeti na tafsiri zake. Ubalozi mdogo wa Korea unaohudumia jimbo lako ndio utakaokuambia karatasi zinazohitajika katika hali yako. Kama mzazi Mkorea alikuwa amekwisha kuwa raia wa Marekani kabla mtoto hajazaliwa, na mzazi wa pili si raia wa Korea, kwa kawaida jambo hili halimgusi mtoto; hata hivyo weka hati inayothibitisha tarehe hiyo mahali pa usalama.

Hatua ya tatu: Fundisha majina ya ndugu kabla ya sarufi

Hapa ndipo mzazi Mswahili anapoingia na mtaji mkubwa bila kujua. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wote wa kiume wa baba na wa mama, na mtoto anayelitumia hawezi kujua nani ni nani. Kikorea huwatenganisha kama tunavyowatenganisha sisi. Kaka mkubwa wa baba ni keun-abeoji, na ukilivunja neno hilo unapata baba mkubwa. Mdogo wake aliyekwisha kuoa ni jageun-abeoji, yaani baba mdogo. Dada wa baba ni gomo, ambaye ni shangazi, na kaka wa mama ni oesamchon, ambaye ni mjomba. Dada wa mama ni imo, na aliye mkubwa huitwa keun-imo, kama vile mama mkubwa. Nilipoielewa orodha hii kwa mara ya kwanza nilikaa kimya mezani, nikaona kwamba kumbe ukoo huu ninaufahamu.

Kwa ndugu wa tumbo moja kanuni inategemea anayeita. Mvulana humwita kaka yake mkubwa hyeong na dada yake mkubwa nuna. Msichana huwaita oppa na eonni. Naye aliye mdogo, awe wa kike au wa kiume, ni dongsaeng, sawasawa na "mdogo wangu". Jina tupu la mkubwa halitajwi. Bibi na babu ni halmeoni na harabeoji, na wa upande wa mama huongezewa oe- mwanzoni. Wazazi nao huitwa kwa jina la mtoto wao, eomma wa fulani, kama tunavyosema Mama Asha, na mimi kanisani najulikana hivyo hivyo kwa jina la mwanangu wa kwanza. Mama mkwe namwita eomeonim, na jina lake sijawahi kulitamka mbele yake.

Anza mtoto akiwa na mwaka mmoja. Bandika ukutani, usawa wa macho yake, picha za ndugu zikiwa na majina hayo kwa herufi za Kikorea, na kila simu inapopigwa mwambie nani anaongea kwa jina hilo peke yake. Usimfundishe kwanza neno la Kiingereza ukikusudia kulibadilisha baadaye, kwa sababu hutalibadilisha. Pamoja na majina fundisha mwili: kutoa na kupokea kwa mikono miwili, kuinama kidogo anapomwamkia mkubwa, na kutoshika kijiko kabla mzee hajaanza kula. Mtoto aliyezoea shikamoo hahitaji kuelezwa kwa nini.

Hatua ya nne: Hesabu saa za lugha, kisha zitafute nyumbani

Wazazi wengi humpeleka mtoto shule ya Kikorea ya Jumamosi, iliyo aghalabu ndani ya kanisa, wakaamini kwamba kazi imekwisha. Tufanye hesabu. Taasisi ya serikali ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha za kigeni hukiweka Kikorea katika kundi la lugha zinazowachukua wasemaji wa Kiingereza muda mrefu kuliko zote, takribani saa 2,200 za darasani. Shule ya Jumamosi yenye saa 3 kwa majuma 30 humpa mtoto saa 90 kwa mwaka. Kwa mwendo huo atahitaji zaidi ya miaka 24. Mtoto hajifunzi lugha kama mwanadiplomasia, najua, lakini saa 2 za Kikorea kila siku nyumbani ni saa 730 kwa mwaka, na tofauti kati ya 90 na 730 haipatikani kwa kitabu kizuri zaidi wala kwa programu ya simu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani ndani ya nyumba atazitoa saa hizo. Mara nyingi baba au mama wa kizazi cha pili hukielewa Kikorea vizuri lakini amezoea kujibu kwa Kiingereza tangu utoto wake, na huona aibu kwa matamshi yake mbele ya wazazi. Asianze na mazungumzo makubwa. Aanze na Kikorea cha jikoni na cha kuoga, sentensi 30 anazozikumbuka kwa mama yake mwenyewe, kama bap meogeosseo, yaani umekula wali, ambayo kwa Wakorea ni salamu kuliko swali. Sentensi hizo zitumike kila siku kwa shughuli ileile na zisitafsiriwe.

Swali la pili ni bibi. Kama anaishi karibu, mtoto apewe kazi pamoja naye: kuosha mchele, kukunja nguo, kumenya vitunguu saumu. Kama yuko mbali, simu ya picha ya dakika 20 kila siku ina faida kuliko saa 2 za Jumapili ambazo wote huishiwa maneno. La muhimu zaidi, mzazi atoke chumbani. Ukibaki hapo utakuwa mkalimani, na mtoto mwenye mkalimani hana haja ya kujifunza. Ukitoka, watahangaika kwa dakika kadhaa, kisha watapata njia yao.

Mzazi asiye Mkorea ajifunze kusoma. Herufi za Hangul zilibuniwa mwaka 1443 na kutangazwa 1446 na mfalme Sejong kwa kusudi la kuwapa watu wa kawaida maandishi wanayoyaweza, na herufi za msingi ni 24 tu, zinazopangwa katika vifungu vya silabi. Wiki moja ya jioni za kawaida inatosha kuanza kusoma kwa sauti. Irabu zetu tano zote zimo, na utahitaji kuongeza hasa mbili ambazo hatuna, zinazoandikwa eo na eu. Kwenye konsonanti Wakorea hutofautisha sauti ya kawaida, iliyokazwa na yenye pumzi. Msomaji wa Mombasa au Lamu, anayetofautisha paa la nyumba na p'aa mnyama wa porini, tayari ana sikio la kuisikia ile yenye pumzi. Hutaielewa kila sentensi utakayoisoma, lakini utaweza kumsomea mtoto kitabu cha picha jioni, naye atakurekebisha kwa furaha.

Kuna kosa ambalo halionekani mapema. Kikorea kina lugha ya heshima na lugha ya karibu, na mzazi humsemesha mtoto kwa ile ya karibu. Mtoto asiyesikia nyingine ataipeleka kwa mchungaji na kwa rafiki za bibi, na watu watanyamaza kwa mshtuko. Mzoeze tangu mwanzo kumalizia sentensi kwa yo anapoongea na mtu mzima yeyote asiye mzazi wake. Katika familia yetu tulikuwa tukimkumbusha mtoto kwa kunong'ona yo sikioni mwake kabla ya kupokea simu, na baada ya miezi kadhaa hatukuhitaji tena.

Kati ya miaka 5 na 7, baada ya kuanza shule, mtoto ataanza kujibu kwa Kiingereza. Familia nyingi hukata tamaa wakati huo. Usimwadhibu na usijifanye huelewi. Rudia alichosema kwa Kikorea, kwa upole, kisha endelea kwa Kikorea, hata kama kwa mwaka mzima mazungumzo yatakuwa ya lugha mbili zinazopishana. Los Angeles ina shule za serikali zinazofundisha masomo kwa Kikorea na Kiingereza kwa pamoja. Kama unaishi karibu nazo, ulizia tarehe za maombi mapema. Ukichagua shule ya Jumamosi, kaa darasani siku moja kabla ya kulipa, uone kama wana darasa la watoto wasiosikia Kikorea nyumbani, na kama mtoto mwenye asili mchanganyiko anaitwa kwa jina lake au anatazamwa kama mgeni. Kwa kijana wa sekondari, mtihani wa kupima Kikorea uitwao TOPIK, wenye ngazi 6, humpa lengo la wazi, na majimbo mengi ya Marekani huweka muhuri wa uwezo wa lugha mbili kwenye cheti cha mhitimu, utaratibu ulioanzia California mwaka 2011.

Wenzangu huniuliza Kiswahili kinakaa wapi katika haya yote. Kinakaa kwangu. Mimi sisemi nao Kikorea zaidi ya salamu na kusoma, na baba yao hasemi nao Kiswahili. Kila lugha ina mtu wake, na watoto hawajawahi kuchanganya watu.

Hatua ya tano: Weka chakula mezani, na umwandae mtoto kwa meza ya shule

Mtoto mdogo hupewa kimchi, yaani kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, iliyosuuzwa kwa maji ili pilipili ipungue, na kila baada ya miezi kadhaa hupunguziwa kusuuzwa, hadi siku anayoila kama ilivyo. Supu ya mwani, miyeokguk, hupewa mama aliyejifungua kwa wiki nyingi, na ndiyo maana kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa, kwa kukumbuka alichokula mama yake. Wasomaji wa Paje na Jambiani, ambako wanawake hulima mwani kwa ajili ya kuuza nje, wajue kwamba huu ni wa aina nyingine, unaolowekwa na kupikwa na nyama ya ng'ombe na vitunguu saumu. Mpikie mtoto supu hiyo asubuhi ya siku yake hata kama keki itakuja jioni, na umwambie kwa nini.

Shuleni atakutana na mtoto atakayeziba pua mbele ya chakula chake. Usikimbilie kumfungia mkate wa siagi. Mfungie kwanza kimbap, wali uliofungwa kwa mwani na mboga, ambao harufu yake ni ndogo na wenzake huomba kuonja, na mfundishe sentensi mbili za kukieleza chakula hicho kwa ujasiri. Chakula chenye harufu kali kibaki nyumbani kwa hiari yake mwenyewe, akijua kwamba hakuna aliyekiona kibaya ndani ya nyumba.

Hatua ya sita: Shika sikukuu chache, uzifanye vizuri

Siku ya 100 tangu kuzaliwa, baek-il, na mwaka wa kwanza, dol, zilitoka katika nyakati ambazo watoto wengi hawakufika huko, kwa hiyo ni shukrani kwanza na karamu baadaye. Katika dol mtoto hukalishwa mbele ya meza yenye uzi, pesa, mchele, kalamu na vitu vingine, na kile anachokishika husemwa kwamba kinaonyesha maisha yake; uzi ni umri mrefu, kalamu ni elimu. Familia za Marekani huongeza mpira au kifaa cha daktari cha kusikilizia moyo. Sisi tuliweka na shanga za bibi yangu wa Tanga, na wakwe zangu walizipokea kwa heshima.

Seollal ni mwaka mpya wa kalenda ya mwezi, na huangukia Januari au Februari. Watoto huwainamia wazee hadi sakafuni, mvulana akiweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia na msichana wa kulia juu ya wa kushoto, wakisema saehae bok mani badeuseyo, pokea baraka nyingi za mwaka mpya, na mzee huwajibu kwa maneno ya dua na bahasha ya pesa. Hufuata tteokguk, supu ya vipande vya mkate wa mchele. Chuseok, siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda hiyo, ni ya mavuno na ya kuwakumbuka waliotangulia, na watoto hukaa pamoja kufinyanga songpyeon, mikate midogo ya unga wa mchele yenye ufuta au maharage ndani, inayopikwa kwa mvuke. Familia za Kikristo, ambazo ni nyingi, hufanya ibada fupi ya kumbukumbu badala ya kuwaandalia mababu meza. Sikukuu hizi hazina mapumziko Marekani, kwa hiyo zisogeze hadi Jumamosi iliyo karibu na uwakabidhi watoto kazi halisi, kwa sababu mtoto aliyefinyanga mikate 40 hukumbuka kuliko aliyepigwa picha akiwa amevaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea.

Hatua ya saba: Zungumza juu ya rangi na juu ya Los Angeles

Mtoto ataulizwa anatoka wapi, na akijibu California ataulizwa tena anatoka wapi hasa. Mpe jibu kabla hajaulizwa, na mwambie kwamba ana haki ya kutojibu. Tarehe 16 Machi 2021 watu 8 waliuawa kwa risasi katika eneo la Atlanta, 6 wakiwa wanawake wa asili ya Asia na 4 kati yao wa asili ya Korea. Watoto walisikia habari hizo kabla ya wazazi kuamua kuwaambia.

Kwa familia kama yangu, ambamo damu ya Afrika na ya Korea zimekutana, kuna simulizi moja ambayo ni lazima itoke kwa wazazi. Tarehe 16 Machi 1991, mjini Los Angeles, Latasha Harlins, msichana Mweusi wa miaka 15, alipigwa risasi na mwenye duka Mkorea katika ugomvi wa chupa ya maji ya machungwa, na aliyemuua alipatikana na hatia lakini hakupewa kifungo. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Aprili 1992, polisi waliompiga Rodney King, dereva Mweusi, waliachiwa na mahakama, na mji ukawaka. Zaidi ya maduka 2,000 ya Wakorea yaliharibiwa au kuteketezwa huku polisi wakiwa hawaonekani Koreatown, mtaa wa Wakorea. Wakorea huiita siku hiyo Saigu, nne-mbili-tisa, na wapo wazee ambao akiba ya maisha yao iliishia hapo.

Tuliwaeleza watoto wetu kila mmoja alipofikisha miaka 10. Tulianza na Latasha, kwa sababu hasara ya duka haiwezi kutajwa kabla ya uhai wa mtoto. Kisha baba mkwe wangu akawasimulia jinsi alivyokesha juu ya paa la duka la rafiki yake, na watoto wakamuuliza maswali ambayo sisi watu wazima tulikuwa tumeyakwepa kwa miaka yote ya ndoa yetu. Usilifanye jambo hili mkiwa mmealika watu wengine. Lifanye mkiwa peke yenu, na mpe mtoto muda wa kukasirika.

Hatua ya nane: Mpeleke Korea, na uwarekodi wazee

Safari ya kwanza ifanyike kabla ya miaka 12 ikiwezekana, na isiwe ya kutembea majumba ya kifalme kila siku. Wiki 2 nyumbani kwa keun-abeoji, pamoja na kwenda sokoni na kulala sakafuni na binamu, hufanya kazi ambayo shule haiwezi. Mwandae kwa jambo moja: huko ataitwa Mmarekani, au gyopo, Mkorea wa ng'ambo, na Kikorea alichorithi kwa bibi kitachekwa kwa sababu ya maneno ya zamani. Mwambie kwamba maneno hayo ni ya bibi yake, na kwamba hana haja ya kuyaacha.

Mnaporudi, ichukue ile karatasi ya hatua ya kwanza na anza kurekodi. Simu ya kawaida inatosha, katika chumba tulivu, kwa dakika 20 kila mara, kwa kuwa mzee huchoka kabla hajasema amechoka. Maswali yaulizwe na mtoto mwenyewe kwa Kikorea chake, hata kama ni kidogo: ulilala wapi usiku wa kwanza Marekani, nani alikufundisha kutengeneza kimchi, wimbo gani mama yako alikuimbia. Leteni picha za zamani, mzee ataje jina la kila aliyemo na mahali ilipopigwa. Kila faili ipewe jina la msemaji na tarehe, ihifadhiwe mahali pawili, na ukiisikiliza baadaye usiikate sehemu ambayo mtoto anakosea neno na bibi anamsahihisha, kisha mtoto analirudia.